NANI ATAKAYEMFUNGUA?

Somo: Yohana 11:38-44

Leo twataka kunena nanyi juu ya jambo ambalo katika makanisa yetu hunenwa kwa kunong'ona. Jambo hilo ni ulevi. Hatuneni juu ya ulevi wa watu wa mbali. Twanena juu ya ulevi ulio katika nyumba zetu wenyewe: wa mume, wa binti, wa mwalimu wa shule ya Jumapili, na pengine wako wewe usikilizaye.

Tukilisikia neno hilo, wengi wetu tunajua mahubiri yatakavyokuwa. Walevi watakemewa, nao hawapo. Na wasiokunywa wataitika Amina. Leo hatutafanya hivyo. Kwanza tutawaeleza jinsi pombe inavyomfunga mtu, kisha tutajiuliza kazi yetu sisi tusiofungwa ni ipi. Lakini kabla ya hayo hatuna budi kuungama kosa letu.

Katika kanisa letu palikuwa na fundi seremala. Mabenchi tunayokalia kila Jumapili ni kazi ya mikono yake. Alianza kwa glasi moja jioni baada ya kazi, apoze uchovu. Miaka ikapita, zikawa glasi nne, kisha chupa. Na mwishowe hakuweza kushika randa asubuhi bila kunywa kwanza, kwa kuwa mikono yake ilitetemeka. Sisi wazee tulimwita, tukamwonya. Mara ya pili tukamtenga na Meza ya Bwana. Baada ya hapo hatukumtembelea. Tulipokutana naye njiani tuligeuza uso, na mke wake alipotujia akilia tulimwambia aombe na kuvumilia.

Miaka mitatu ikapita. Siku moja ya Jumapili palikuwa na mkutano wa injili sokoni, naye akaja mbele ya watu wote, akapiga magoti, akalia, akasema hataonja pombe tena maisha yake yote. Ndugu, tuliimba siku ile! Tukawashauri jamaa zake wamfungie nyumbani, wampe maji na chakula, wafiche ufunguo, ili asirudi kilabuni. Tulidhani tumetoa shauri la hekima.

Jumatatu alitetemeka mwili mzima, akatokwa na jasho, akatapika. Usiku ule alianguka chini akakakamaa, akajiuma ulimi. Jumanne usiku akaona wadudu wakitambaa ukutani ambao hawakuwapo, akazungumza na baba yake aliyekufa zamani. Tukaitwa. Tukasema, hayo ni mapepo yanatoka. Wanaume wanne wakamshika mikono na miguu, sisi tukaimba na kuomba hadi alfajiri. Ndipo akaja mama mmoja wa Chama cha Akina Mama, aliyekuwa muuguzi kabla ya kustaafu. Akamgusa paji la uso, akampima mpigo wa moyo, akatugeukia akasema, "Wazee, huyu mnamwua. Ombeni, lakini ombeni mkiwa ndani ya gari." Tukaomba gari la jirani, tukampeleka hospitalini. Alilazwa siku kumi. Daktari alitwambia kwamba tungalichelewa kidogo tu, tungalichimba kaburi.

Basi, ni nini ambacho yule mama alikijua, nasi hatukukijua?

Pombe ikiingia mwilini hupunguza kasi ya ubongo. Ndiyo maana mtu aliyekunywa huongea kwa ulimi mzito na kupepesuka. Lakini Mungu ameuumba mwili wetu ujitunze. Ubongo ukiona unapunguzwa kasi kila siku, nao hujibu kwa kuongeza nguvu upande wa pili, ili mtu aweze kusimama na kufanya kazi. Mfikirieni dereva wa lori ambaye breki zake zimekwama. Ili lori liende, hana budi kukanyaga mafuta kwa nguvu zaidi. Mnywaji wa kila siku ndivyo alivyo: pombe ni breki, na ubongo wake unakanyaga mafuta. Ndiyo sababu glasi moja haimtoshi tena, anahitaji mbili, kisha nne. Watu humsifu wakisema ana kichwa kigumu, halewi upesi. Hiyo si sifa, ni dalili ya kwamba kamba imeanza kukaza.

Sasa ondoeni breki kwa ghafula. Mguu bado uko juu ya mafuta, na lori litaruka mbele lisishikike. Hilo ndilo lililompata fundi wetu. Saa chache baada ya glasi ya mwisho, mikono hutetemeka, moyo hupiga mbio, usingizi hukimbia. Katika siku ya kwanza na ya pili mtu aweza kuanguka kama mwenye kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne, wengine huchanganyikiwa kabisa, huona vitu visivyokuwapo, joto la mwili hupanda, na moyo waweza kushindwa. Si kila anayeacha pombe hupatwa na hayo. Wengi hutetemeka tu na kupona. Lakini mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu yumo hatarini, na hasa yule ambaye amewahi kuanguka kifafa alipojaribu kuacha. Huyo asifungiwe chumbani. Apelekwe kwa daktari kwanza. Hospitalini ziko dawa za kuutuliza ubongo polepole kwa siku kadhaa, na hupewa vitamini B1, ambayo miili ya walevi wengi hupungukiwa nayo, na upungufu huo waweza kuharibu kumbukumbu yake daima.

Tena pombe hufanya kazi nyingine kwa siri. Ini letu ndilo lenye kazi ya kuiondoa mwilini, nalo ni mtumishi asiyelalamika. Huumia miaka mingi bila kutoa kilio. Siku macho yanapogeuka manjano, tumbo likajaa maji, au mtu akatapika damu, makovu huwa yameshalijaza. Tangu 1988 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameihesabu pombe miongoni mwa vitu vinavyoleta saratani bila shaka: ya mdomo, ya koo, ya umio, ya ini, na baadaye wakaongeza ya matiti kwa akina mama. Shirika hilo lilikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 2.6 duniani walikufa kwa sababu ya pombe. Hesabu hiyo haitaji mtoto aliyekosa karo, wala mke anayelala na viatu miguuni ili aweze kukimbia usiku.

Katika nchi yetu ya Kenya iko hatari nyingine juu ya hiyo. Chang'aa ilipigwa marufuku kabisa kwa sheria ya 1980. Sheria ya 2010 ikaondoa marufuku hiyo, ikataka pombe zote zitengenezwe na kuuzwa kwa leseni na kwa vipimo, na kijana aliye chini ya miaka 18 asiuziwe. Lakini wapendao faida ya haraka hawasomi sheria. Ili pombe iwe kali upesi, wengine huitia methanoli, ambayo ni spiriti ya viwandani. Haina rangi, na mnywaji hawezi kuitambua kwa macho wala kwa ulimi. Ini huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mishipa ya macho. Kiasi kidogo kama vijiko viwili vya chai chaweza kumpofusha mtu, na vijiko vichache zaidi vyaweza kumwua.

Hatusemi hadithi za kutisha watoto. Mnamo Novemba 2000, katika mitaa ya Mukuru jijini Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kunywa pombe ya namna hiyo, na wengine wakapofuka. Mwaka 2005 huko Machakos walikufa karibu watu 50. Mwezi wa Mei 2014, katika kaunti za Embu, Kiambu, Kitui na nyinginezo, walikufa zaidi ya 70. Na Februari 2024, huko Kirinyaga, walikufa watu wasiopungua 17. Kila mara twaomboleza, kila mara vilabu hufungwa, na baada ya muda mlango wa nyuma hufunguliwa tena. Basi lishikeni hili: mtu aliyekunywa, na kesho yake akasema anaona ukungu mweupe mbele ya macho, au tumbo linamwuma na anahema mbio, msimwambie alale apoe. Mpelekeni hospitalini saa ile ile. Tiba ipo, lakini haingoji.

Na wale waliofungwa na madawa ya kulevya? Kifungo ni kile kile kwa kamba nyingine. Ndugu zetu wa Pwani, Mombasa, Malindi na Lamu, wamelia sana kwa ajili ya vijana wao waliotekwa na heroini, wanayoiita unga. Tangu mwisho wa 2014, ikianzia Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, serikali imekuwa ikitoa dawa iitwayo methadoni, ambayo mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Hiyo humwondolea maumivu ya kukosa unga, naye hupata nafasi ya kula, kufanya kazi na kulea watoto. Wako Wakristo wanaosema huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Sisi twasema, mtu aliyevunjika mguu akitembea kwa mkongojo, mwacheni atembee.

Labda mmoja wenu auliza: Je, mnatufundisha kwamba ulevi si dhambi tena, ni ugonjwa tu? La, hatufundishi hivyo. Chukueni mfano wa kijana aliyepanda mwembe wa jirani usiku ili aibe maembe, akaanguka, akavunjika mguu. Ana dhambi ya wizi, na ana mguu uliovunjika. Ukimfunga mguu bila kumwambia habari ya wizi, hukumsaidia roho. Ukimhubiria habari ya wizi na kumwacha chini ya mwembe mguu ukiwa umevunjika, hukuhubiri kabisa. Mwandishi wa Mithali, katika sura ya 23 kuanzia aya ya 29, alikwisha kuyaona mambo haya zamani. Anamweleza mlevi mwenye macho mekundu, aliyejaa majeraha asiyojua yametoka wapi, anayeyumba kama aliyelala juu ya mlingoti wa merikebu. Na bado, akiamka, jambo la kwanza ni kutafuta kinywaji kingine. Huyo si mtu anayefurahia dhambi yake. Huyo ni mfungwa.

Sasa tulifikie somo letu. Lazaro alikuwa kaburini siku nne, na dada yake Martha aliogopa jiwe lisiondolewe kwa sababu ya harufu. Ndugu, si sisi hao? Twaogopa harufu. Twaona afadhali jiwe likae mahali pake, jina la jamaa lisichafuke, jina la kanisa lisichafuke. Lakini Yesu aliagiza jiwe liondolewe, akamwita Lazaro kwa jina lake, naye akatoka. Angalieni jinsi alivyotoka: yu hai, lakini amefungwa sanda mikono na miguu, na uso umezungushiwa leso. Aweza kupumua, hawezi kutembea. Ndipo Yesu akawaamuru watu waliosimama pale wamfungue. Kumpa uhai ilikuwa kazi ya Bwana peke yake. Kuondoa jiwe na kufungua sanda aliwaachia watu.

Fundi wetu alipolia sokoni, twaamini Bwana alikuwa amemwita kweli, naye alitoka kaburini. Lakini sisi tulimtazama yule aliyefungwa sanda, tukaimba, tukamwambia, tembea! Alipoanguka tukasema, ana pepo.

Basi kufungua sanda ni kufanya nini? Twawapa mambo matatu.

La kwanza ni kuondoa jiwe, yaani kusema kweli. Mama, usimpigie simu mwajiri kumwambia mumeo ana malaria, ilhali amelewa. Mzazi, usiende kwa mama pima kulipa deni la mwanao ili aibu isitoke. Ukifanya hivyo hulifuniki jeraha, unalifungia uchafu ndani. Mwambie asubuhi, akiwa hajalewa, bila matusi wala kupiga kelele: umeumia, nasi tunaumia, na leo twende tukatafute msaada. Na akikupiga wewe au watoto, toka, nenda mahali pa usalama, uwaambie watu. Kuvumilia kipigo si matunda ya Roho. Nasi wazee tuliowaambia akina mama wavumilie, tutubu.

La pili ni kumpeleka kwa wajuao. Anzeni na zahanati au hospitali iliyo karibu, mkaeleze wazi anakunywa nini, kiasi gani, na tangu lini. Shirika la serikali la kupambana na ulevi, NACADA, lina simu isiyolipiwa, namba 1192, ambako mtu aweza kuuliza shauri bila kuulizwa ni mwana wa nani. Kumwendea daktari si kukosa imani. Luka aliyetuandikia Injili alikuwa tabibu, na yule Msamaria mwema alimwaga mafuta na divai juu ya vidonda kwanza, hakuanza na maswali.

La tatu ndilo gumu kuliko yote, nalo ni kukaa naye baadaye. Siku kumi za hospitali hulegeza kamba ya mwili, lakini kumbukumbu ya pombe hubaki ubongoni miaka mingi. Harufu ya kilabu, siku ya mshahara, msiba, ugomvi wa nyumbani, hata rafiki wa zamani akipiga mluzi barabarani, huamsha kiu. Mwaka 1935 Mmarekani aitwaye Bill Wilson, mlevi aliyekuwa ameacha pombe miezi michache tu, alikuwa ugenini katika mji wa Akron, Ohio. Biashara yake ilikuwa imeharibika, na baa ilikuwa pale pale hotelini. Badala ya kuingia, alimpigia simu mchungaji wa mji ule, akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akakutanishwa na daktari mpasuaji, Bob Smith, aliyekuwa ameshindwa kuacha mara nyingi. Wawili hao wakasaidiana, na hapo pakazaliwa Alcoholics Anonymous, vikundi ambavyo leo vimeenea duniani, na hapa Kenya vipo. Siri yao ni nyepesi: mtu hakai peke yake na kiu yake, naye huhesabu siku moja moja.

Je, kanisa lisingeweza kufanya hivyo? Chumba tunacho, viti tunavyo, birika la chai tunalo. Tena tunazo arusi, harambee na kamati ambazo zaweza kumpa mtu kazi ya jioni, saa ile kilabu kinapomwita.

Mwataka kujua habari za fundi. Alipotoka hospitalini hatukumwita mbele ya wazee. Sisi ndio tuliokwenda kwake, tukamwomba msamaha. Yeye mwenyewe aliomba fedha za kazi yake apewe mke wake, na tukakoma kumlipa Jumamosi jioni. Mzee mmoja humpitia kila Jumamosi wakatembea pamoja hadi giza liingie. Ameanguka mara mbili tangu siku ile. Mara ya kwanza alijificha wiki nzima, nasi tulimtafuta hadi tukampata. Mara ya pili alikuja mwenyewe asubuhi, akanuka pombe, akagonga mlango wa mchungaji, akasema, "Nimeanguka, nishikeni." Ndugu, twaona ushuhuda ule ni mkubwa kuliko wa sokoni. Leo anarudi kwenye Meza ya Bwana, na mezani pale hukaa kati ya watu waliokaribia kumwua kwa nyimbo zao. Yeye ametusamehe. Nasi tungali tunajifunza kufungua mafundo.

Nawe ndugu usikilizaye ukiwa umeshika glasi, au umeificha chini ya kitanda, twakuambia neno moja. Bwana anakujua kwa jina, na harufu yako haimzuii. Leo, kabla jua halijachwa, mwambie mtu mmoja. Na kama unakunywa kila siku, usijifungie peke yako. Nenda kwa daktari ukaache kwa salama.

Tuombe. Ee Bwana, uliyelia kaburini kwa rafiki yako, tusamehe sisi tuliogeuza uso. Wakumbuke waliofungwa, na wake na watoto wanaokesha wakisikiliza hatua za miguu mlangoni. Wape madaktari na wauguzi hekima na upole. Utufundishe kuondoa jiwe bila kuogopa harufu, na mikono yetu iwe mepesi kufungua. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.